Mkono wa Kupakulia

Kericho, 9 Februari 2025

Shemeji Mellen,

Salamu kutoka hapa. Tuko salama, yaani niko salama, bado sijazoea kuandika kwa umoja. Christabel alipiga simu juzi kutoka Eldoret. Ni mzima, lakini amekataa kunipa habari za mama yake. Amesema yeye si posta. Mvua haijaanza, na kiwandani nasikia wanafanya shifti moja kwa sababu majani ni machache. Hilo halinihusu tena. Nilistaafu Desemba baada ya miaka thelathini na moja, na wali wa kuniaga uliula wewe mwenyewe.

Uliniambia Mama Christabel hataki simu yangu, na kwamba kama nina kitu cha kusema niandike. Barua nitampa Wangeci, yule mama wa ndizi wa soko la hapa, ambaye huja huko kwenu Chepilat kila wiki kununua mikungu. Ni mwaminifu ila anauliza maswali mengi. Usimjibu.

Kwa kumbukumbu, mambo yalikuwa hivi. Tarehe 16 Januari karani wa kuandikisha bima ya afya alifika hapa nyumbani. Akauliza kazi yangu, nikasema mstaafu, zamani supavaiza wa shifti. Akauliza kazi ya mke. Nikasema hana kazi, anakaa tu. Mama Christabel alikuwa mlangoni ameshika trei ya chai. Alimpa karani kikombe, akanipa changu, akaingia chumbani. Kesho yake asubuhi akaniambia, "Kama kazi yangu ni kukaa, naenda kukaa kwa Mellen." Akatoka na begi moja. Nilidhani ni siku tatu.

Sibishani juu ya maneno. Fomu iliuliza ajira, nikajibu ajira. Lakini nyumba imesimama na nahitaji taarifa. Maziwa yanafurika kila asubuhi hata nikiyasimamia. Yeye alifanya nini yasifurike? Kisu kidogo cha mboga kiko wapi? Nguo zinaanikwa saa ngapi? Sakafu inapigwa deki kabla ya kufagia au baada? Na ugali wa mtu mmoja ni maji kiasi gani? Sijawahi kupika kwa mtu mmoja. Wala kwa wawili.

Ni mimi,
Eliakim Owiti


Chepilat, 23 Februari 2025

Shemeji Eliakim,

Barua imefika, na Wangeci ameuliza maswali kumi na moja. Sisi tuko wazima, isipokuwa goti langu, ambalo sasa linatabiri mvua kuliko redio. Kazi ya kushona iko. Watoto wanakua na sare zinabaki pale pale.

Barua yako nilimsomea dada. Alisikiliza mpaka hapo kwa deki, akacheka kwa pua, akarudi kukaa. Nimempa kiti karibu na cherehani. Ulisema anakaa, basi anakaa. Usifikiri ni kukaa kweli, lakini; siku ya pili tu sufuria zangu zote zilikuwa zimesuguliwa mpaka nikaona aibu.

Majibu yako haya. Maziwa: laza mwiko wa mbao juu ya mdomo wa sufuria. Kisu kiko kwenye mkebe wa dirishani, mahali kimekuwa tangu mhamie nyumba hiyo. Nguo ziwe kwenye kamba kabla ya saa mbili asubuhi, maana mvua ikianza, huko kwenu saa nane mchana hainusuriki shuka. Kufagia kwanza, deki baadaye. Hilo hata mtoto wa nasari angekuambia. Ugali wa mtu mmoja: pika wa wawili, utakula kesho.

Sasa na mimi nikupe taarifa. Kuna chumba nyuma ya duka langu. Mpangaji anahama mwisho wa mwezi wa nane na dada anakitaka, afungue hoteli ya chai na maandazi kwa watu wa soko. Akikichukua, shemeji, hatarudi. Sijui kama ni hasira au ni mpango. Naona ni vyote viwili. Nilimuuliza anataka nini kutoka kwako. Akasema, "Sitaki kitu. Asitume wazee, asitume mchungaji." Kwa hivyo una miezi sita na hujui unatafuta nini. Hata mimi sijui.

Jambo moja tu. Ana jina, anaitwa Mokeira. Mama Christabel ni jina la kazi, na wewe ulisema hana kazi.

Shemeji yako,
Mellen


Kericho, 23 Machi 2025

Shemeji Mellen,

Pole na goti. Lilisema kweli: mvua ilianza tarehe 19, saa tisa kasorobo. Mimi ni mzima, nimepungua kidogo. Jirani yangu Chepkurui ameanza kuniletea maziwa na kunikagua.

Mbinu ya mwiko ilifanya kazi mara ya kwanza. Nashukuru.

Yale majibu yako nilitaka kuyapanga. Kiwandani, wafanyakazi wapya wakija, nilikuwa nachora chati ukutani: majani yanaingia hapa, yananyaushwa, yanakatwa, yanakaushwa, yanachekechwa. Mtu akiitazama haulizi tena. Nikaamua kuchora chati ya nyumba hii. Nilikuwa na magunia ya karatasi ya kufungia chai. Nilipasua moja nikalitandika mezani. Rangi nilikuwa nayo kidogo, kijani iliyobaki kwenye milango na nyekundu ya bati. Nyeusi nilipewa na Chepkurui, ni mkaa uleule wanaosugulia kibuyu cha maziwa. Kahawia nimeipata kwa kuchemsha vumbi la majani mpaka likawa zito kama asali.

Nilianza na visanduku na maneno. Kisanduku cha kuosha vyombo kilinishinda. Nikiandika "osha vyombo" haielezi chochote, kwa sababu kuna kuloweka, kuna majivu, kuna kilichoungua. Nikachora sufuria yenyewe. Ilinichukua saa mbili na nusu. Sufuria ile si nyeusi. Chini ni ya buluu upande mmoja, na karibu na mkono ni kahawia mahali mchuzi ulimwagikia miaka iliyopita ukakataa kutoka. Visanduku vyote vilivyofuata nilivichora badala ya kuviandika.

Nimehesabu mara mbili. Kabla ya saa tatu asubuhi kuna hatua arobaini na moja. Laini nzima ya kiwanda, kutoka lori mpaka gunia, ilikuwa na kumi na tisa. Chati naituma.

Johana, mume wa Chepkurui, alinikuta naanika shuka. Akasimama kwenye ua akasema, "Owiti, kwani umeoa nani sasa? Wewe mwenyewe?" Nikamwambia anishikie upande wa pili wa shuka. Alishika, lakini alitazama barabarani kwanza.

Mengine: mwiko uliokuwa hapa jikoni ulikuwa na kasoro. Ulikuwa umelika upande wa kulia, wakati ya Chepkurui yote imelika kushoto. Mpini nao ulikuwa na shimo la kidole gumba mahali pasipofaa. Nikisonga ugali ulikuwa unanigeuka mkononi. Kiwandani kifaa kama hicho kinatolewa kwenye laini. Nimenunua mwingine, na ule niliutia motoni tarehe 14.

Msalimie Mokeira.

Eliakim


Kericho, 27 Aprili 2025

Shemeji,

Natumaini mmeipita Pasaka vizuri. Mimi nilikwenda kanisani, nikarudi, nikapika. Tarehe 22 mvua ya mawe ilipiga hapa dakika kumi na tano. Mashamba ya chai kuelekea bondeni yamechanika kama yamepitiwa na mbuzi. Nyumba haikuharibika.

Mwezi umepita bila jibu lako. Wangeci ameapa alikupa barua mkononi. Kama nimekosea mahali, niambie ni wapi.

Naleta picha mbili. Nilitazama ile chati tena nikaona haina mtu. Vyombo vilivyotumika na hakuna anayevitumia; inafanana na mahali palipotokea ajali. Kwa hivyo nimejaribu kumweka Mokeira. Katika ya kwanza anakata sukuma wiki, katika ya pili anasonga ugali. Nimemchora kwa nyuma kwa sababu uso ulinishinda.

Kuna jambo nataka kulieleza kwa usahihi. Mwezi wa pili nikiosha vyombo niliosha ili viishe. Haviishi. Sasa naosha nikijua nitavichora, kwa hivyo natazama povu linavyokwama kwenye mkono wa kikombe, na mwanga wa dirisha unavyoingia kwenye karai saa moja na robo na kutoka saa mbili. Kazi ni ileile na muda ni uleule. Tofauti ni kwamba jioni ninaweza kusema nilifanya nini mchana. Siiti furaha. Miaka thelathini na moja niliandika ripoti mwisho wa kila shifti, na nilikuwa sijajua kwamba shifti ya hapa nyumbani haina mtu wa kuiandikia ripoti.

Nijibu, hata kwa mistari miwili.

Eliakim


Chepilat, 18 Mei 2025

Shemeji Eliakim,

Sisi ni wazima. Goti limetulia. Ndizi za dada yangu wa kambo zimepigwa na upepo lakini ameokoa nusu. Nilichelewa kujibu kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa, na kwa sababu nyingine ambayo nitaifikia.

Picha zako nimezibandika ukutani juu ya cherehani. Chati ndiyo wateja wanayosimama kuitazama zaidi, mwalimu mmoja aliisoma mpaka hatua ya arobaini na moja akasema, "Na bado hajaenda sokoni." Zile mbili za mtu niliweka pembeni. Wiki iliyopita mteja akauliza, "Huyu mama anayesonga ugali ni nani?" Dada alikuwa kwenye kiti chake anashona vifungo. Akainua macho, akatazama muda kidogo.

"Simjui," akasema. "Huyo anatumia kulia."

Mteja akacheka. Mimi sikucheka, na dada hakucheka.

Shemeji, Mokeira ni wa mkono wa kushoto. Tangu kuzaliwa. Kuandika anaandika kwa kulia kwa sababu shuleni alipigwa mpaka akakubali. Lakini kisu, mwiko, fagio, panga, sindano, vyote ni kushoto. Sasa hivi ninavyoandika anapitisha uzi kwa kushoto.

Najua utasema umekaa naye miaka thelathini na nne na hukuona. Nitakuambia kwa nini. Mwaka ule mlioana, mama yako kule Nyakach alimwona akipakua chakula kwa kushoto, akamwambia mbele ya wageni kwamba kwa watu wenye adabu mkono huo hautoi kitu kwa mume. Dada alinisimulia wakati ule, mimi nikiwa bado msichana. Tangu siku hiyo akikupa sahani, kikombe, hata chumvi, anatumia kulia. Akigeuka tu kurudi jikoni, anahamisha.

Wewe ulimwona akipakua tu.

Kuhusu mwiko sitasema kitu leo. Sehemu hiyo ya barua yako sikumsomea.

Mellen


Kericho, 8 Juni 2025

Shemeji Mellen,

Mimi ni mzima. Christabel alikuja wikendi moja, akala chakula changu, akasema kinaweza kuliwa. Mvua zinapungua, asubuhi ni baridi.

Baada ya barua yako nilifanya ukaguzi. Nilianza jikoni saa nne nikamaliza saa saba na nusu. Msumari wa aproni uko kushoto kwa jiko. Chujio la chai linaning'inia kushoto. Kisu kidogo kimenolewa upande ambao mimi nisingenoa, ndiyo maana kilikuwa kinanikatia mboga mshazari, nami nikalaumu mboga. Waya wa pasi umejipinda kushoto. Kabati la vyombo lina bawaba upande ambao mwaka 2009 uliniletea ugomvi na fundi, nikamwambia amekosea. Fundi alisema, "Mama ndiye aliyeagiza." Sikumwamini, na sikumuuliza Mokeira. Alikuwa hapo hapo.

Jumla ni vitu kumi na vinne. Vyote nilikuwa navitumia tangu mwezi wa pili nikiviona vina kasoro.

Mama yangu alisema maneno hayo, sina shaka. Mimi nilikuwa mezani.

Nilitaka kuchora upya picha zile mbili, lakini sina cha kunakili. Mkono wa kulia ninaokumbuka unakuja na sahani. Wa kushoto sina. Nikajaribu jambo jingine: kwa kuwa nilisema anakaa tu, nimchore ameketi. Nimetafuta kumbukumbu tangu Jumatatu. Kanisani huketi upande wa wanawake, namwona mgongo. Kwenye karamu ya kuniaga alikuwa anapakua. Karani alipokuja alikuwa mlangoni na trei. Nyumbani hapa kuna viti sita na siwezi kukuambia chake ni kipi.

Kuhusu mwiko, naomba uniambie. Ulikuwa wa nani?

Eliakim


Chepilat, 6 Julai 2025

Shemeji,

Salamu. Huku tumevuna mahindi mabichi, watoto wa jirani wanaumwa matumbo kwa ulafi.

Ulikuwa wa mama yetu. Yeye pia alikuwa wa kushoto, na ulishaanza kulika mikononi mwake kabla hajampa dada siku alipoondoka nyumbani kuolewa. Alimwambia, "Huu umekwisha kukuzoea wewe." Mimi ni wa kulia, nilipewa sufuria. Lile shimo la kidole gumba, mwanzo wake ni kidole cha mama.

Sasa unajua kwa nini nilinyamaza miezi miwili. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia, nikaikosa. Bado hajui. Mwenye nyumba alipita juzi. Mpangaji anatoka tarehe 31 Agosti. Dada amekwenda kukipima chumba kwa kamba na kuchagua mahali pa jiko. Mwezi uliopita aliniuliza kama nitakuandikia umtumie ule mwiko, kwa sababu ndicho kitu pekee anachohitaji kutoka huko. Nilisema nitaandika. Ndiyo hii naandika.

Siwezi kukuambia ufanye nini. Lakini uliuelezea kwenye barua kama mtu anayeandika ripoti ya ajali, upande upi umelika na shimo liko wapi. Kama bado unaukumbuka hivyo, uchore. Kwa ukubwa wake. Usiuremberembe.

Mellen


Kericho, 27 Julai 2025

Shemeji Mellen,

Picha hii hapa, Wangeci ameagizwa asiikunje.

Nimeichora mara saba. Sita nimezichoma. Mwiko niliushika mkononi kama robo saa tarehe 14 Machi, nikiukagua ili niuthibitishe kuwa mbovu, kwa hivyo naukumbuka vizuri kuliko vitu ninavyovipenda. Urefu shubiri mbili na vidole viwili. Ncha imelika kulia, mshazari. Kuna ufa mdogo chini ya shingo, haufiki katikati. Shimo la kidole gumba ni jeusi pembeni na jeupe katikati. Kahawia ni ya majani ya chai, ya mchujo wa tatu.

Mtu akiuliza, ni mimi niliyeuchoma, nilikuwa na akili timamu, na hakuna aliyenishauri. Usinitetee.

Eliakim


Chepilat, 17 Agosti 2025

Shemeji,

Tuko wazima wote. Nakuandikia jambo lilivyotokea, bila kuongeza.

Jumatatu asubuhi niliibandika picha mahali ambapo angeiona akiingia na chai. Aliingia. Akaweka kikombe juu ya meza ya kukatia. Akasogea akaweka mkono wa kushoto juu ya picha, kidole gumba mahali pa kidole gumba. Kilitosha. Akakaa hivyo kama anausikiliza.

Kisha akasema, "Ameuchoma."

Nikamuuliza, "Nani amekuambia?"

"Angekuwa nao, si angeutuma wenyewe?"

Nikamsomea barua zako zote, na zile sehemu nilizoruka. Kwa siku tatu hakuniambia neno ila "lete uzi." Alishona vifungo vya shule nzima. Nilijua chumba kimepata mpangaji.

Ijumaa tukimenya viazi akasema, "Mellen, muulize mtu wako swali moja. Yule karani akirudi leo, atamwambia nini?"

Nikasema, "Atamwambia unafanya kazi."

"Kazi gani? Aliseme hilo neno. Mimi mwenyewe nimelitafuta na silijui."

Ndilo swali. Jibu vizuri.

Mellen


Kericho, 31 Agosti 2025

Shemeji Mellen,

Mimi ni mzima. Msomee hii yote, usiruke.

Sikutaka kujibu swali kwa kukisia. Karani yuleyule alikuwa kwenye ukumbi wa kanisa Alhamisi, anarekebisha majina ya watu. Nilipanga foleni kuanzia saa tatu, nikiwa na chati nyingine mkononi, kwa sababu ile ya kwanza mnayo. Zamu yangu ilipofika nikamwambia nataka kubadilisha mstari wa mke wangu.

Akasema, "Niandike nini, mzee?"

Nikafungua chati mezani. Akaisoma. Watu nyuma yangu wakaanza kulalamika. Akasema, "Mzee, hapa panaingia neno moja."

Nikamwambia sina neno moja. Nilikuwa na moja na lilinigharimu. Nikamwomba alifute lile la kwanza aache pakiwa wazi, mwenyewe atakuja kusema.

Akasema mashine haikubali pakiwa wazi. Nikamwambia basi mashine na mimi tuna shida ileile. Mwishowe akaandika "ataulizwa mwenyewe." Nilimwomba anisomee, akanisomea.

Akafungua mstari wangu. "Na wewe, mzee? Bado ni mstaafu?"

Nikasema, "Mimi nakaa tu."

Alicheka. Mimi sikucheka, kwa hivyo aliandika.

Hilo ndilo jibu langu. Neno silijui, na nimeacha kumsemea.

Eliakim


Chepilat, 7 Septemba 2025

Shemeji,

Nilimsomea. Hapo kwa "nakaa tu" alininyang'anya karatasi akasoma mwenyewe, mara mbili, akaenda nje kuwafukuza kuku ambao hawakuwepo.

Mwenye nyumba amekubali kungoja hadi tarehe 30. Dada anakuja huko Jumamosi tarehe 20. Amesema harudi, anakuja kutazama. Usichinje kitu. Usimwite Christabel. Begi usilipokee kama hajakupa.

Na goti langu linasema mvua.

Mellen


Kericho, 21 Septemba 2025

Shemeji Mellen,

Salamu kutoka hapa. Tuko salama. Goti lako lilisema kweli, ilinyesha kuanzia saa nane, lakini nguo zilikuwa zimeshatolewa.

Ripoti ya jana ni hii. Alishuka barabarani saa tano na dakika kumi na kutembea peke yake mpaka mlangoni. Begi hakunipa. Aliliweka ndani, karibu na mlango. Chepkurui alimsalimia kutoka ng'ambo ya ua akamwambia, "Tulimchunga. Alikuwa anaanika soksi moja moja." Mokeira akasema, "Hata yeye ni mmoja."

Alizunguka nyumba. Hakugusa kitu. Jikoni alisimama muda mrefu. Alitazama msumari wa aproni, chujio, kabati. Nilikuwa sijahamisha hata kimoja. Nimejifunza kuvifikia vilipo. Ukutani kuna picha kumi na tisa na alizitazama kwa mpangilio, kama mkaguzi. Alipata makosa matatu. Karai la nguo halikai pale nilipolichora. Jivu la kusugulia linachekechwa kwanza. La tatu alisema nitaligundua mwenyewe. Nilimwambia kuhusu mwiko kwa mdomo wangu, kwa sababu barua si kusema. Alisikiliza. Alisema, "Huo hautarudi," nikasema hautarudi. Bado hajaniambia kuhusu chumba, na sijamuuliza. Ana hadi tarehe 30.

Kisha nikapika chai. Maziwa hayakufurika. Nilimimina vikombe viwili nikampelekea chake kwa mkono wa kulia, maana ndio nilio nao. Alikiangalia kile kikombe. Niliona mkono wake wa kulia unainuka kidogo kutoka kwenye gauni, kisha ukarudi chini.

Akakipokea kwa kushoto. Akavuta kiti cha dirishani, akakaa.

Eliakim